Ufa Chini ya Mkwe

Lukumani alikuwa amepapasa kila ufa wa mashua, isipokuwa pale alipokaa mama mkwe wake.

Amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Ziwa Sagara haikueleza mtu avukeje na mkwewe. Kama mila ilivyotaka, tangu aoe hajawahi kumtazama usoni. Sasa walikuwa wawili tu, katikati ya ziwa, hawajui kuogelea, na maji ya ndani yamefika magotini. Kwingine kote pamba iliyozibia mbao ilikuwa imara.

"Mama," aliuambia mlingoti kwa heshima zote, "nadhani panavuja hapo ulipo."

"Napajua, baba. Nimepakalia tangu tutoke."

"Maji yanatushinda."

"Basi tazama mbele. Usigeuke."

Akasikia kitenge kikifunguliwa, nguo pekee aliyovaa mama, kisha kikisokomezwa kwa nguvu kwenye ufa. Maji yakaacha kupanda.

Lukumani akavua shati upesi, akalirusha nyuma ili mama ajisitiri.

Mashua ikayumba mara moja, kitu kizito kikatumbukia ziwani nyuma yake, ikawa nyepesi.

"Mama, shati limekufikia?"

Akaendelea kutazama mbele, kama alivyoagizwa.