Tabasamu la Mlangoni

Wazee wa ukoo walisimama nyuma ya Nakijwa, udongo wa kaburi la mumewe ungali viatuni mwao, na mlango haukufunguka. Siku hizi mwenye nyumba hubandikwa shavuni utando wa oksidi ya metali, ndio ufunguo wa mlango wake. Ukitulia huzuia umeme. Ukivutwa na tabasamu, elektroni zake zilizobanana huachiana, mkondo ukapita, kitasa kikafyatuka.

"Utatuanika juani mpaka lini?" alifoka wifi yake, Namkunda. "Tabasamu tuingie!"

Nakijwa akakumbuka marehemu alivyokuwa akimtekenya hapo hapo mlangoni, yeye Nakijwa mikono imejaa vikapu. Shavu likavutika. Kitasa kikalia.

Hakuna aliyeingia. Namkunda aliwageukia wazee.

"Mmemwona? Kaburi halijakauka, mwenzenu anachekelea."