Mfumo Usiofuta

Eda ilipokwisha, Mwanakheri alimnunulia marehemu mumewe, Shaame, kompyuta mpya, kama sheria ilivyomtaka kila mjane. Kumbukumbu za Shaame zilikuwa zimeshatolewa kichwani. Kilichobaki ni mjane kuchagua mfumo wa faili wa kuzihifadhi kwenye diski.

"Ipo miwili, mama," fundi alimwambia. "Huu unafuta ya zamani kidogo kidogo. Huu mwingine haufuti hata neno."

"Nichagulie unaofuta, mke wangu," Shaame alisihi kutoka kwenye spika ya muda.

Mwanakheri alikumbuka miaka ishirini ya makofi, na kila asubuhi mume akiapa kwamba hakumgusa.

"Usiofuta," alimwambia fundi. "Nataka akae na kila kofi alilonipiga."

Kompyuta ilipowashwa sebuleni, watoto wao watatu walikuwa wameshakaa mkekani kumwamkia baba. Shaame akasema taratibu:

"Kweli, Mwanakheri, yote nayaona. Nilikupiga. Naiona na siku ile ya mwisho pumu iliponibana, nikakuomba dawa, nawe ukaendelea kukuna nazi."

Watoto wakaacha kuitazama kompyuta, wakamgeukia mama yao.