Jiwe Lililotoka kwa Heshima

"Shikamoo, mzee," Severini alimwamkia bubu wa kitanda cha jirani, na bubu, kama kila asubuhi, akainua kiganja badala ya kuitikia marahaba. Kisha maumivu yakamkamata Severini ubavuni. Akang'ata shuka mpaka yakapita.

Alikuwa mkata mkonge kwenye shamba la Mgiriki nje ya Lindi, mtu wa miraba minne, na sasa hata kuinama hawezi. Daktari Mzungu alikuwa amempiga picha ya eksirei, akamweleza kwa kinywa cha Alfonsi, dresa mfunga vidonda wa wodi: jiwe limekaa kwenye figo ya kushoto, linaziba njia ya mkojo. Lingekuwa dogo lingetoka lenyewe kwa maji mengi. Hili limeshapita kiasi hicho. Atapasuliwa ubavuni litolewe, figo ibaki. Wakikuta figo imeoza wataitoa yote, maana mtu huishi hata na moja.

"Na nikikataa?"

"Itajaa usaha. Pasaka hutaiona, ndugu yangu."

Severini alikiogopa kisu kuliko kifo, wala hakuona haya kusema. Tena alikuwa na pa kukimbilia. Alifungua pindo la shuka yake, akatoa kijiwe.

"Hiki kilitoka ubavu huu huu mwaka juzi, kwa fundi wa Tingi, yule mganga wa upande wa Kilwa. Alinilaza kifudifudi, akanifunika kaniki gubigubi, maana sharti lake mgonjwa asimwone. Akaniumika kwa pembe. 'Tulia, mwanangu, linakuja lenyewe.' Sauti nzito, ya mkwaruzo. Mara nasikia jiwe linalia kwenye bakuli."

"Na hili la kwenye picha?" aliuliza Alfonsi.

"Hilo jingine."

Wagonjwa wawili waliitikia kwamba nao waliwahi kutolewa mawe Tingi, na kwamba fundi yule ana mkono. Bubu akageukia ukutani.

Walimwonea huruma, wakidhani kidonda kinamuuma. Naye ugonjwa wake ulikuwa huo huo. Alikuwa amepasuliwa siku nne zilizopita. Alikuja na binti yake, Mwanasha, aliyesema wanatoka Sudi, akajibu kila swali kwa niaba yake. "Baba hasemi," alisema, basi. Alfonsi aliapa kwamba chini ya nusukaputi bubu alinong'ona jambo, lakini Alfonsi naye kwa kutia chumvi hajambo.

Alfonsi alileta chupa yenye jiwe la bubu, akaliweka kiganjani mwa Severini kando ya lile la Tingi. La bubu lilikuwa jeusi, limejaa miba. La Tingi lilikuwa laini, la mviringo.

"Unaona?" alisema Severini. "La kisu linatoka kwa hasira. Langu lilitoka kwa heshima."

Watu walicheka. Bubu aliyatazama mawe yote mawili, machozi yakamlengalenga, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Alhamisi alikuja Emerensiana, mke wa Severini. Lori la Kilwa litaondoka kesho asubuhi, alisema, na ndilo la mwisho kabla Mto Mbwemkuru haujajaa na kufunga njia.

"Lakini, Baba Helena, wanasema fundi kasafiri. Hakuna ajuaye alikokwenda."

"Nitamngoja kizingitini kwake."

"Daktari amesema figo haingoji."

"Basi nife nikimngoja. Si hapa, mezani, nimefungwa kama mbuzi."

Emerensiana alitaka mumewe abaki, na alijua hambadilishi.

Ijumaa Severini alikaa kitandani na furushi lake magotini. Kubaki ni kisu. Kwenda ni siku mbili za mashimo na ubavu huu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hakuna aliyeweza kumchagulia. Nje lori lilipiga honi. Honi ya pili ikamwinua.

Bubu naye akainuka. Alikwenda ameinama, mkono mmoja juu ya bendeji, akawahi mlangoni akashika miimo yote miwili.

"Nipishe, mzee," alisema Severini. "Wananingoja mimi tu."

Bubu hakusogea. Alimtazama Severini, kisha akaitazama wodi nzima, kitanda kwa kitanda, na wale wawili waliomsifu fundi. Nje lori lilianza kunguruma, na Emerensiana akaita jina la mumewe.

"Mzee, kwa hisani yako. Fundi wangu yuko Tingi."

"Tulia, mwanangu," alisema bubu, kwa sauti nzito, ya mkwaruzo. "Tingi utamngoja nani, na mimi nipo hapa?"