Mchi wa Pili

Tangu aanguke bafuni, Bi Mwatumu hakuwa amesimama tena. Salome, mlezi katika makao ya wazee, alimbembeleza kila asubuhi afanye mazoezi na wenzake, naye alikataa.

"Ninyooshe mikono hewani, kwani nafukuza nzi?"

"Bibi, usiposimama, miguu itakufa ganzi kabisa. Watakuhamishia chumba cha wasiotoka kitandani."

"Na wanihamishe."

Siku hiyo mpishi aliugua, Salome akatoka uani kutwanga kisamvu. Alitwanga vibaya, majani yakawa yanaruka nje ya kinu. Wazee waliokaa barazani wakacheka.

"Mwanangu, unatwanga au unapigana?" akauliza Mzee Shomvi.

Bi Mwatumu, aliyeketishwa pamoja nao, hakucheka. Alikuwa akitazama mchi wa pili, ulioegemezwa ukutani karibu na kiti chake. Kwao, mwanamke haachwi atwange peke yake wakati mchi mwingine upo.

Akaushika. Akauegemea, akainuka. Salome akataka kumkimbilia.

"Usiache kutwanga!" bibi akafoka. "Ukiacha nitaingilia wapi?"

Salome akaendelea. Bi Mwatumu akaburuta mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka kinuni. Mchi wa Salome ulipopanda, wa bibi ukashuka. Wa bibi ulipopanda, wa Salome ukashuka. Uwanja mzima ukawa unadunda.

Barazani kicheko kilikuwa kimekwisha. Mzee Shomvi alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kiti, mkono wake ukipapasa sakafuni kuitafuta bakora yake ya kutembelea.