Ini la Chupani

Siku hizi mwanamke haruhusiwi kubeba mimba mpaka ini lake lijaribiwe na kufaulu. Chembe zake huoteshwa kituoni ndani ya chupa, naye huilea nyumbani wiki tisa, kila wiki ikihesabiwa mwezi mmoja wa ujauzito. Kila asubuhi huitilia matone ya homoni za mimba, yanayoongezwa kila wiki.

Mwanahiba aliiweka yake karibu na jiko ipate joto. Wiki ya saba ilikuwa bado nyekundu kama kawaida, na mama mkwe wake, Bi Chausiku, akatoa mbeleko sandukuni akaifua.

Wiki ya nane homoni zilizidi. Nyongo ikakosa pa kutokea, ikazichoma chembe, na chupa nzima ikawa ya manjano.

"Labda ni mwanga wa dirisha, mama," alisema Mwanahiba.

Bi Chausiku alifunga pazia, wakatazama tena.

"Mimi hawakunipima," alisema taratibu. "Mimba ilipofika miezi minane, nyongo iliniwasha viganja, nikavikuna mpaka vikatoka damu, na mtoto nikamzika. Afadhali chupa, mwanangu."

Siku ya kuirudisha kituoni, Mwanahiba aliifunga chupa mgongoni kwa ile mbeleko. Njia nzima alikuwa akijikuna viganja visivyomwasha.