Maji Yale Yale

“Maji ya humu na ya mtoni ni yale yale,” mkurugenzi wa mgodi aliwaambia waandishi wa habari kwa Kifaransa. Alikuwa akifungua jumba la samaki la kampuni, hapa Kolwezi.

Mama Blandine alivua katika mto huo miaka ishirini, mpaka samaki walipoelea wamekufa. Sasa akapanda ngazi ya tangi na kufungua bidoni lake, dumu la plastiki.

“Hii nilichota mu muto leo asubuhi.”

Harufu kali ikamchoma puani. Chini yake samaki wekundu walipanda, midomo wazi, wakidhani ni chakula.

Mkurugenzi akamdaka mkono. Kifaransa kilimpotea, akasema Kiswahili cha hapa. “Mama, hapana. Batakufa bote.”

Bidoni lilibaki limeinama.

“Sema tena, baba,” akamwambia. “Sasa mu Kifaransa.”