Aliyoambiwa Manka

Siku hizo mashine ya lango la mlima ilijua mpandaji gani hatarudi. Sheria iliruhusu aambiwe mkewe tu. Mume akidokezwa, wote wawili walifungwa.

Manka alikwisha kuambiwa. Kiwia, mumewe, alikuwa sebuleni akijaribu buti.

"Kesho tutaondoka kambini saa sita usiku, tufike kileleni theluji ikiwa bado ngumu."

"Kwani mkichelewa kidogo, Baba Elisia?"

"Ikilainika tutateleza."

Manka hakujua kama kitakachomuua mumewe ni kuwahi au kuchelewa. Akamtazama binti yao aliyekuwa akicheza sakafuni, akajiuliza atabaki na nani wao wakifungwa.

"Mbona unamtazama hivyo?" Kiwia aliuliza.

Lakini jela watu hutoka, Manka aliwaza. Akafunga mlango kwa komeo.

"Vua buti," alisema, "nikuambie neno."